Geti Likifunguliwa: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Onyesho la Sanaa Chuoni kwa Wageni wa Nje

Onyesho la wanafunzi kwa ajili ya wanafunzi linaweza kuandaliwa kwa wiki mbili. Mnapashana habari kwenye makundi ya simu, mnaazima ukumbi kupitia mhadhiri anayewapenda, basi. Watazamaji wanajua ukumbi ulipo, wanajua choo kilipo, na umeme ukikatika wanawasha tochi za simu na kuendelea kuimba. Siku mnapoamua kumkaribisha mtu asiye na kitambulisho cha chuo, shughuli inakuwa nyingine kabisa. Sheria ya hakimiliki inaitazama kwa jicho jingine, chuo kinaanza kuuliza habari za bima, mlinzi wa getini anakuwa muhimu kuliko mwimbaji, na hata intaneti ya chuo haimfungukii mtazamaji. Matamasha mengi ya vyuoni yanayoyumba yana ugonjwa huo mmoja: kamati imeandaa shughuli ya wenyeji, kisha ikaandika "wote mnakaribishwa" chini ya bango.

Hatua zifuatazo zinaanza takribani miezi 6 kabla ya siku yenyewe. Zinafaa kwa tamthilia, muziki, ngoma, maonyesho ya picha na vinyago, usomaji wa mashairi, au siku ya milango wazi ambapo yote hayo hufanyika kwa pamoja.

Hatua ya 1: Amueni mgeni wenu ni nani

Vyuo vimepokea wageni kwa karne nyingi na kuwalalamikia kwa karne hizo hizo. Makumbusho ya Ashmolean ya Chuo Kikuu cha Oxford yalifunguliwa kwa umma mwaka 1683. Mwaka 1710 msomi Mjerumani, Zacharias Conrad von Uffenbach, alifika huko akachukizwa kuona watu wa mashambani na wanawake wakiingia kwa kiingilio kidogo, wakizunguka huku na huku na kushikashika vitu. Yeye aliona kosa ni la wageni. Mimi naona kosa ni la aliyeviweka vitu mahali mkono unapofika bila kujiuliza nani ataingia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kikao cha kwanza lisiwe "tutaonyesha nini?" bali "tunamwonyesha nani?" Majirani wa chuo wenye watoto wadogo wanataka shughuli ya mchana, isiyozidi saa moja, na mahali ambapo mtoto akilia mzazi anaweza kutoka bila kupita mbele ya jukwaa. Wanafunzi wa sekondari wanakuja na mwalimu na basi, na wanalazimika kuondoka saa iliyopangwa hata kama igizo halijaisha. Wahitimu wa zamani wanataka muda wa kusalimiana kuliko wanavyotaka onyesho lenyewe. Wasanii na waandishi wa habari za utamaduni wanataka kuzungumza na watunzi. Hamwezi kuwahudumia wote kwa usawa kwa siku moja, kwa hiyo chagueni mmoja awe mgeni mkuu na wengine wawe nyongeza. Uchaguzi huo utawajibia nusu ya maswali yanayofuata: saa ya kuanza, ukumbi, lugha ya matangazo, hata idadi ya viti.

Hatua ya 2: Tarehe

Chukueni kalenda ya masomo na mfute kwanza wiki za mitihani pamoja na ile inayozitangulia, wiki ya usajili, na siku za mahafali. Ukumbi unaweza kuwa wazi katika wiki ya mitihani, ila waigizaji hamtawapata. Likizo ya muhula ina faida kwa wageni kwa sababu maegesho ni matupu na vyumba viko wazi, lakini wanafunzi wa kujitolea wamekwisha kwenda kwao.

Siku za kimataifa zinasaidia kwa sababu vyombo vya habari hutafuta cha kuandika siku hizo. Siku ya Ushairi Duniani ni tarehe 21 Machi, ya tamthilia ni 27 Machi na imeadhimishwa tangu 1962, ya ngoma na dansi ni 29 Aprili, ya jazi ni 30 Aprili, ya makumbusho ni 18 Mei, na ya Kiswahili ni 7 Julai, tarehe ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Msijibane nazo. Wageni 200 katika Jumamosi isiyo na jina ni bora kuliko 20 katika siku yenye jina kubwa.

Hatua ya 3: Nani anatia saini

Tafuteni mapema ofisi tatu na mjue kila moja inaamua nini. Kuna ofisi inayomiliki ukumbi, kuna ofisi ya mlezi au mshauri wa wanafunzi inayoruhusu shughuli yenyewe, na kuna idara ya ulinzi inayoruhusu watu kuingia. Kamati nyingi hupata saini mbili za mwanzo na kudhani zimemaliza, kisha siku ya onyesho mlinzi, kwa haki kabisa, anamrudisha mgeni getini kwa sababu hakuna karatasi iliyomfikia.

Katika barua ya maombi andikeni wazi kwamba watakuja watu wa nje, kadirieni idadi yao, tajeni saa za kuingia na kutoka, na semeni kama kutakuwa na watoto, moto au moshi wa jukwaani, vifaa vya umeme vya kukodi, au uuzaji wa kazi za sanaa. Ulizeni kwa maandishi kama bima ya chuo inamhusu mtu wa nje akijikwaa ngazini. Vyuo vingine hudai bima ya muda kwa shughuli za umma, na jibu hilo mkilipata wiki ya mwisho hakuna mtakachoweza kufanya.

Hatua ya 4: Ukumbi, na jinsi ya kuupima wenyewe

Ukumbi wa Sheldonian wa Oxford, uliosanifiwa na Christopher Wren na kujengwa kati ya 1664 na 1669, ulijengwa kwa sababu sherehe za chuo zilizokuwa zikifanyika kanisani zilionekana kuwa na ghasia mno kwa mahali pa ibada. Chuo chenu hakitawajengea ukumbi kwa sababu ya tamasha, kwa hiyo jifunzeni kuujua mliopewa.

Anzeni na mwangwi. Simameni katikati ya jukwaa, pigeni kofi moja kali, msikilize sauti inachukua muda gani kufa. Mazungumzo yanasikika vizuri pale mwangwi unapoisha ndani ya takribani sekunde 1. Muziki wa okestra na kwaya hupendeza kwenye ukumbi wenye mwangwi wa karibu sekunde 2. Ndiyo maana kwaya ikiimba kwenye ukumbi wa mihadhara husikika kavu kana kwamba inaimba ndani ya kabati, na mshairi akisoma kwenye ukumbi mkubwa wa sherehe maneno yake hukanyagana. Msimlaumu fundi sauti kwa jambo la kuta. Wapeni washairi na waigizaji ukumbi wa mihadhara, waimbaji wapeni ukumbi wenye dari ya juu, na mkumbuke kwamba watu wenyewe hunyonya sauti: ukumbi uliovuma wakati wa mazoezi utatulia kidogo ukijaa.

Baada ya mwangwi, hesabuni milango, ile inayofunguka kweli. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli ni ukuta tu. Katika eneo tambarare, mlango au njia hupitisha takribani watu 80 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana. Ukumbi wa watu 400 wenye milango miwili ya upana wa mita 1 kila mmoja utachukua kama dakika 2 na nusu kuwa mtupu. Sasa fanyeni hesabu hiyo mkichukulia kwamba moto umeanzia kwenye mlango mmoja: dakika 5. Kama jibu hilo linawatia hofu, punguzeni viti au ombeni ukumbi mwingine. Ukumbi wa umma uwe na njia mbili za kutokea zilizo pande tofauti, na isiwe milango miwili iliyokaribiana kwenye ukuta mmoja.

Kwa onyesho la kusimama, la uwanjani au ukumbini, watu 2 kwa mita mraba wanacheza na kupishana kwa raha. Wakifika 4, kusogea kunakuwa kwa taabu na ni wakati wa kufunga mlango wa kuingilia. Wakifika 6 au 7, hakuna anayejiamulia tena mwendo wake, umati unawabeba kama maji. Mwelekezi mmoja awe na kazi hiyo tu ya kutazama msongamano mbele ya jukwaa, na awe na ruhusa ya kusimamisha muziki bila kumuuliza mtu.

Mwisho, pitieni njia nzima mkiwa na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kutoka maegesho hadi kitini na kutoka kitini hadi chooni. Rampu isiwe kali kuliko sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu, njia iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, na kuwe na nafasi ya mita 1 na nusu ya kugeuzia kiti. Sehemu ya viti vya magurudumu isiwe nyuma kabisa wala pembeni peke yake. Acheni kiti cha kawaida kando yake ili aliyekuja na rafiki akae naye.

Hatua ya 5: Haki za watunzi na makubaliano na wasanii

Hapa ndipo geti lililofunguliwa hubadilisha sheria. Nchi nyingi huruhusu kazi yenye hakimiliki kuigizwa darasani kwa madhumuni ya kufundishia bila kumlipa mtunzi. Ruhusa hiyo kwa kawaida huishia kwa walimu na wanafunzi. Umma ukialikwa, ni onyesho la hadhara, na kutotoza kiingilio mara nyingi hakuondoi wajibu wa kuomba idhini. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao chimbuko lake ni mwaka 1886, unadai kazi ilindwe maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefikisha 70. Tamthilia mnayoisoma kama kitabu cha kiada ina uwezekano mkubwa wa kuwa bado ndani ya muda huo.

Kwa tamthilia, andikieni mchapishaji au wakala wa mtunzi. Kwa muziki, kuna vyama vya kukusanya mirabaha vinavyotoa leseni kwa shughuli nzima, na huenda chuo chenu tayari kina leseni ya mwaka. Ulizeni kabla ya kulipa mara mbili. Kurekodi na kurusha mtandaoni ni haki nyingine tofauti na kuigiza. Kuwa na idhini ya moja hakuwapi ya pili, na majukwaa ya video huziba sauti au kufuta video bila kuwasikiliza. Njia fupi kuliko zote ni kutumia kazi za wanafunzi na wahadhiri wenu wenyewe. Nao wapeni karatasi ya kusaini.

Makubaliano na msanii yasizidi ukurasa mmoja lakini yaseme: atafanya nini na kwa dakika ngapi, atafika saa ngapi kwa majaribio ya sauti, analipwa kiasi gani na lini, nani anagharamia usafiri wake, nani anaruhusiwa kumrekodi, na nini kinatokea onyesho likiahirishwa. Kama hamwezi kumlipa, mwambieni siku mnayomwalika. Wasanii wengi hukubali kufanya bure wakiambiwa mapema. Wakiambiwa nyuma ya pazia, hawarudi tena.

Hatua ya 6: Umeme, sauti na taa

Mtafuteni fundi umeme wa chuo wiki tatu kabla na mumwombe awaonyeshe sanduku la fyuzi la ukumbi, soketi zipi ziko kwenye laini moja, na ufunguo unakaa kwa nani baada ya saa za kazi. Hesabu ni rahisi: wati ni volti mara ampea. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba takribani wati 3,000. Taa nne za jukwaani za aina ya zamani, za wati 1,000 kila moja, zimekwisha kuizidi. Taa za LED zinatumia sehemu ndogo tu ya hizo, na kama mnakodi, kodini hizo.

Laini ya sauti itenganishwe na ya taa. Zikichangia laini moja, spika hupata mvumo unaobadilika kila taa zinapopunguzwa. Waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote hata kama mnahitaji mita mbili tu, maana ukibaki umejikunja huku unabeba mzigo mkubwa hupata moto hadi kuyeyuka. Nyaya zinazokatiza njia ya watu zibandikwe sakafuni kwa utepe wa kitambaa wenye gundi au zifunikwe kwa mkeka wa mpira.

Majaribio ya sauti yafanyike kwa kurudi nyuma: anayefunga onyesho ajaribu kwanza, anayefungua ajaribu mwisho, ili jukwaa libaki limepangwa tayari kwa wa kwanza. Betri za maikrofoni zisizo na waya ziwe mpya siku hiyo hiyo, na iwepo maikrofoni moja yenye waya kando ya jukwaa, imeunganishwa na kujaribiwa, ikingoja.

Hatua ya 7: Mkiwa na maonyesho ya picha, nguo au vinyago

Ukumbi wa chuo haukujengwa kuwa makumbusho, na adui mkubwa humo ni dirisha. Kazi za karatasi na nguo, pamoja na picha za rangi ya maji, huwekewa mwanga wa kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Picha za rangi ya mafuta huvumilia hadi 200. Jua la moja kwa moja hufika luksi 100,000. Programu za bure za simu hupima kwa kukadiria, na makadirio yanatosha kuwaonyesha ukuta usiofaa. Maonyesho ya siku mbili hayataua picha. Yakikaa muhula mzima mbele ya dirisha, rangi itaondoka na haitarudi.

Tundikeni picha ili katikati yake iwe sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, zote kwa kipimo hicho, hata kama ukubwa wa fremu unatofautiana. Tumieni ndoano mbili kwa kila picha ili isiinamie upande mtu akiigusa kwa bega. Kibandiko cha maelezo kiwe na maneno yasiyozidi 70 hivi na herufi za pointi 18 au zaidi. Mgeni anasoma akiwa amesimama, mara nyingi akiwa na mtu nyuma yake anayesubiri. Andikeni jina la kazi, msanii, mwaka, vifaa vilivyotumika, kisha jambo moja la kuangalia. Maelezo yaliyonakiliwa kutoka tasnifu ya mtu yabaki kwenye tasnifu.

Kazi ya kuazima ipigwe picha pande zote mbele ya mwenyewe siku inapopokelewa, mikwaruzo ikiandikwa, na wote wawili watie saini. Ukaguzi huo huo urudiwe siku ya kuirudisha. Ni dakika tano kwa kila kazi, na huondoa ugomvi wa miezi.

Hatua ya 8: Kutoka getini hadi kitini

Kama mna nguvu ya kufanya hatua moja tu vizuri, ifanyeni hii. Mchukueni mtu asiyewahi kufika chuoni, mpeni bango lenu tu, mwacheni getini, kisha mfuateni nyuma kimya bila kumsaidia. Kila anaposimama na kuangaza macho, pigeni picha mahali hapo. Ndipo kibao kinahitajika.

Mtashangaa jinsi majina ya chuoni yasivyo na maana kwa mgeni. "Ukumbi B, jengo la zamani la sayansi" linamsaidia anayelijua jengo jipya la sayansi. Vibao viseme mambo yanayoonekana: mnara wa saa, mti mkubwa, jengo jekundu la ghorofa tatu. Viwekwe kwenye kila njia panda, vikiwa na mshale, na kimoja katikati ya kila njia ndefu kinachomwambia mtu yuko sawa, aendelee. Ukiingia usiku, vibao visivyo na taa ni karatasi nyeusi. Onyesho linaloisha saa 4 usiku linahitaji mwanga wa kuondokea pia, na waelekezi wabaki hadi gari la mwisho litoke.

Mlinzi wa getini apewe karatasi yenye jina la shughuli, mahali, saa, na namba ya simu ya mtu mmoja wa kamati atakayepokea. Apewe na mlinzi wa zamu inayofuata, kwa sababu zamu hubadilika jioni, wakati ule ule wageni wanapoanza kuja. Mpelekeeni karatasi mwenyewe, msalimieni, mwulizeni yeye anaona tatizo litakuwa wapi. Anaijua njia hiyo kuliko kamati nzima.

Waelekezi wasikae kwa makundi wakipiga soga mlangoni. Wawe wawiliwawili kwenye njia panda, wamevaa kitu kinachoonekana kwa mbali, na kila mmoja aweze kujibu maswali manne bila kupiga simu: ukumbi uko wapi, choo kiko wapi, onyesho linaisha saa ngapi, na mtu akizirai aitwe nani. Mgeni mwenye ulemavu aulizwe kwanza kama anataka msaada. Asishikwe mkono na kuvutwa.

Intaneti iangalieni pia. Mtandao wa eduroam, unaopatikana katika nchi zaidi ya 100, humwezesha mwanafunzi au mhadhiri wa chuo kingine kuingia kwa akaunti ya chuo chake. Jirani wa chuo hana akaunti hiyo. Mkiweka ratiba nzima kwenye msimbo wa QR, mnamwambia atumie kifurushi chake kujua nani anaimba. Ombeni mtandao wa wageni kwa siku hiyo, na bado mchapishe ratiba za karatasi, hata karatasi moja iliyokunjwa mara mbili.

Hatua ya 9: Tangazo

Tangazo la mgeni linabeba mambo ambayo mwenyeji haulizi: geti lipi, gari linaegeshwa wapi, usafiri wa umma unaishia umbali gani, kuna kiingilio au hakuna, watoto wanaruhusiwa, mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo, onyesho linaisha saa ngapi. Hilo la mwisho husahaulika mno, na ndilo linaloamua kama mtu anayetegemea basi la mwisho atakuja.

Saa ziandikwe kwa namna mbili mkiwa na wageni wasiohesabu saa za Kiswahili: "saa 1:00 usiku (19:00)". Bango linalosema "saa 1" peke yake limewahi kumleta mtu mchana kwenye ukumbi uliofungwa.

Tiketi za bure huchukuliwa na watu wengi wasiokuja. Toeni zaidi kidogo ya viti mlivyonavyo, andikeni juu yake kwamba kiti kisichokaliwa dakika 10 kabla ya kuanza kitapewa anayesubiri mlangoni, na mfanye hivyo kweli. Mkikusanya namba za simu za waliojiandikisha, semeni ni za nini na mzifute baadaye. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Hatua ya 10: Ratiba ya jukwaani

Hotuba ndizo huua matamasha ya vyuoni. Mkuu wa kitivo anamshukuru mkuu wa chuo, anayemshukuru mfadhili, anayeshukuru wote waliotajwa, na mtoto wa jirani amekwisha lala. Pendekezo langu: hotuba mbili, dakika 3 kila moja, na zisiwe za kufungua. Fungueni kwa onyesho fupi lenye nguvu, kisha hotuba, kisha mwendelee. Wakubwa hawakasiriki wakielezwa mapema kwa heshima. Hukasirika wakikatizwa jukwaani.

Mshereheshaji aandikiwe muda wa kila kipengele pamoja na muda wa kubadilisha jukwaa, kwa maana bendi ya watu watano haiondoki kwa sekunde 30. Mapumziko yawe dakika 20. Dakika 15 hazitoshi kwa foleni ya vyoo vya wanawake, na kama kuna vyoo vya ghorofa nyingine, fungueni navyo.

Acheni pia nusu saa ya watu kukutana na wasanii baada ya onyesho, ukumbi ukiwa bado wazi. Kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1962, mwanafunzi aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o alipata nafasi ya kumpa Chinua Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Kukutana kwa namna hiyo hakuwezekani pale ambapo taa zinazimwa dakika ile ile makofi yanapoisha na msimamizi anagongagonga funguo.

Hatua ya 11: Siku yenyewe

Mtu mmoja ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, na asiwe anaigiza, anaimba wala kusherehesha. Jina lake na simu yake viwe kwa kila mwelekezi. Zikibaki saa 3 kufungua, yeye na msimamizi wa ukumbi wafungue kila mlango wa dharura kwa mkono, waangalie vizima moto na tarehe zake, na waonyeshane sanduku la huduma ya kwanza. Wakubaliane pia watu watakusanyika wapi ukumbi ukihamwa.

Kabla ya onyesho kuanza, mshereheshaji ataje milango ya kutokea, aseme kama kuna mwanga wa kumetameta unaoweza kumdhuru mwenye kifafa, na aeleze kama picha zinaruhusiwa. Watoto wa shule wasipigwe picha za karibu bila idhini ya walezi wao, na mtu mzima mmoja wa kamati asibaki peke yake na mtoto aliyepotea. Wawe wawili, mahali penye watu.

Mvua ikinyesha kwenye onyesho la nje, au umeme ukikatika, watangazieni watu ndani ya dakika 5 mnachokijua na lini mtawapa taarifa nyingine. Watazamaji huvumilia kusubiri nusu saa wakiambiwa. Wasipoambiwa, baada ya dakika kumi tu nusu yao wamekwisha toka.

Hatua ya 12: Baada ya makofi

Panga kikosi cha kubomoa jukwaa kisiwe kile kilicholijenga. Waliojenga wamechoka, na waliochoka ndio huangusha taa. Kazi za kuazima zihesabiwe usiku huo huo na kufungiwa chumba chenye ufunguo mmoja. Wasanii walipwe kwa tarehe iliyoandikwa, na kama fedha za chuo zinachelewa, wapigieni kabla hawajapiga wao.

Waulizeni wageni maswali matatu tu wakati wakitoka, kwenye karatasi ndogo na kalamu: umepata habari kutoka wapi, nini kilikusumbua kati ya geti na kiti, na ungependa kurudi kuona nini. Swali la kati ndilo la dhahabu.

Kikao cha tathmini kifanyike ndani ya wiki moja, na faili liandikwe wakati huo huo: barua za vibali zenye tarehe zilipoombwa na zilipotoka, bajeti iliyopangwa na iliyotumika ikiwa na akiba ya asilimia 10 kwa dharura, ramani ya vibao, mikataba, na majibu ya wageni. Lipewe mtu asiyehitimu mwaka huo. Nakala moja iachwe kwa msimamizi wa ukumbi, pamoja na namba za mafundi walioitwa na picha ya sanduku la fyuzi mlilotumia, laini ya sauti na ya taa zikiwa zimewekewa alama.